Foleni Mbili za Hedvig

Mbuzi wa dada yangu alikataliwa langoni na karatasi. Hakukataliwa na mtu. Watu wa Kaunti ya Tamarack wana adabu mno, hawawezi kumkataa mwenzao usoni, ndiyo maana wakatafuta kompyuta.

Karatasi yenyewe ilibanwa kwenye ubao wa Bi Verlene Hauptmann, msimamizi wa banda la mbuzi kwenye maonyesho ya kaunti, mama mwenye kofia pana na filimbi shingoni ambayo sijawahi kumsikia akiihitaji. Akapitisha kidole toka juu hadi chini, akakirudisha juu, akakiacha palepale.

"Hayumo," akasema.

"Nani hayumo?" Maren akauliza.

"Mbuzi wako. Hana cheti cha afya."

"Cheti si hiki hapa, Bi Verlene? Daktari kakisaini mwenyewe."

"Nakiona, mwanangu."

"Basi anacho."

"Anacho mkononi mwako. Kwenye ripoti hana. Na mimi nafuata ripoti."

Hedvig, yaani mbuzi, alimtazama Bi Verlene kwa yale macho ya mbuzi yasiyomheshimu mtu, kisha akaanza kutafuna kona ya ubao. Kwa maoni yangu ndiye pekee pale aliyekuwa na mpango unaoeleweka.

Maren hakucheka. Chama cha vijana wafugaji kinakutoa ukifikisha miaka kumi na tisa, na yeye anaifikisha Oktoba. Ameleta mbuzi kwenye maonyesho haya tangu akiwa mfupi kuliko mbuzi wenyewe, na hajawahi hata mara moja kuitwa kwenye ule mzunguko wa mwisho, pale mwamuzi anapowapanga walio bora mstari mmoja mbele ya kaunti nzima. Huyu Hedvig amemlea kwa chupa jikoni kwetu. Amempa jina la dada wa bibi yetu, mama mmoja aliyekuwa na kidevu kilekile na msimamo uleule. Wa mwaka huu ndiye mbuzi mzuri kuliko wote aliowahi kuwa nao, na mwaka huu ndio wa mwisho. Kesho asubuhi wanaingia uwanjani. Lango linafungwa leo saa kumi na moja jioni, na ambaye mnyama wake yuko nje ya lango, basi ana mnyama mzuri wa kutazama nyumbani.

"Torben," Maren akanigeukia. "Hiyo ripoti si mnaichapa nyie?"

Nilitamani kusema si sisi. Bahati mbaya nilikuwa nimevaa fulana yenye jina la Ushirika wa Tamarack kifuani, kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa barabarani.

Ni kweli tunaichapa sisi. Ushirika una kompyuta kubwa, ile ya kukaa chumba kizima na kuwekewa ubaridi kama maziwa, na kila mwaka tunaisaidia kaunti bure. Mimi nilipomaliza sekondari waliniajiri humo kama opareta msaidizi, cheo ambacho maana yake ni kubeba makasha ya karatasi. Pia wananifundisha COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanza kazi kabla mama yangu hajazaliwa, kwa sababu Mzee Orrin Vandehei, aliyeandika programu zetu zote, keshastaafu mara tatu. Kila mara tunamkatia keki ya kumuaga, na kila mara wiki inayofuata anarudi kuangalia kama kuna iliyobaki.

"Bi Verlene," nikasema, "waliokataliwa ni wengi?"

"We angalia mwenyewe." Alinionyesha kwa kidevu. Nje ya lango, magari madogo ya mizigo yalijipanga hadi kwenye mahindi, kila moja na mbuzi nyuma na mzazi mbele aliyekunja uso. "Mwaka huu watu wamezembea vyeti. Sijawahi kuona. Nusu ya kaunti."

Nusu ya kaunti imekuwa wazembe siku moja, wote pamoja, bila hata kufanya mkutano. Na hakuna aliyeona ajabu. Ripoti imesema.

"Nipe nione ripoti yote."

"Hii hapa. Ya waliokataliwa, halafu ya waliokubaliwa."

"Inaishia hapo? Mbona mimi nilibeba kasha zima?"

"Ah, zile za mwisho. Vyeti visivyo na mnyama. Sasa cheti kisicho na mnyama nitakipitisha langoni kinitembelee tu?" Akacheka kidogo. "Ziko kwa sungura."

"Kwa sungura kufanya nini?"

"Chini yao, Torben. Tunatandika. Kila mwaka. Karatasi zenu zinanyonya vizuri sana, tunawashukuru."

Hivyo ndivyo mimi na dada yangu tulivyojikuta ndani ya banda la sungura, tukiinua sungura mmoja mmoja kusoma walichokikalia. Hedvig alitusubiri amefungwa mlangoni, akitoa maoni. Msichana mmoja mwenye sungura mweupe wa masikio marefu alisimama mbele ya kizimba chake mikono kiunoni.

"Huyo kashaoga," akasema. "Msimguse."

"Tunataka kusoma tu chini yake," nikamwambia.

"Chini yake kuna nini cha kusoma?"

"Vyeti vya afya."

"Vyake?"

"Vya mbuzi."

Akamwinua sungura mwenyewe, kwa uso wa mtu atakayelisimulia jambo hili nyumbani.

Tulivuka mstari mmoja wa vizimba, tukaanza wa pili. Kuna kurasa zilizosomeka na kuna ambazo sungura walikuwa wameshazihariri. Maren ndiye aliyeiona namba. Chini ya sungura mnene wa kijivu, katikati ya mambo mengine ambayo sitayataja, palichapwa namba ya hereni ya sikio ya Hedvig, herufi kwa herufi: K40718. Na mbele yake maneno: CHETI KIPO, MNYAMA HAYUPO.

"Lakini ukurasa wa kwanza unasema mnyama yupo, cheti hakipo," Maren akasema.

"Ndiyo."

"Ripoti hiyohiyo."

"Hiyohiyo."

"Kwa hiyo kompyuta yenu ilimwona mbuzi wangu mwanzo, ikakiona cheti chake mwisho, na katikati haikukumbuka?"

"Haikumbuki kitu. Haikuumbwa kukumbuka."

"Inafanana na nyie basi."

Nilimweleza, na nawaeleza na ninyi, kwa sababu ni rahisi kuliko Mzee Orrin anavyopenda ionekane. Chukua foleni mbili. Huku wamesimama mbuzi walioandikishwa, kule vimesimama vyeti, na kila foleni imepangwa kwa namba, ndogo mbele, kubwa nyuma. Programu inakaa katikati kama mlinzi wa ukumbi. Inaita mmoja huku na mmoja kule. Namba zikilingana, piteni pamoja. Zisipolingana, yule mwenye namba ndogo anaandikwa kwamba hana mwenzake, anaondolewa, anaitwa anayemfuata. Kwa nini mdogo? Kwa sababu kama foleni zimepangwa sawasawa, mwenzake angekuwa keshafika, huko nyuma waliobaki ni wakubwa tu. Hakuna kurudi nyuma, hakuna kumsubiri mtu aliyekwenda kujisaidia. Kazi inakwenda haraka ajabu, mradi tu foleni zote mbili zinakubaliana nani mdogo na nani mkubwa.

Sasa hapo ndipo penyewe. Kwa kompyuta yetu kubwa, herufi ni ndogo kuliko tarakimu. K inatangulia 1. Kwa kompyuta nyingine karibu zote duniani, tarakimu ni ndogo kuliko herufi. Usiniulize kwa nini. Walioamua hivyo walishakatiwa keki zao zamani.

Zamani haikusumbua, kwa sababu foleni zote mbili tulikuwa tunazipanga sisi. Lakini mwaka huu madaktari wa mifugo wamepata mfumo mpya, na vyeti vimetujia vimeshapangwa huko kwao, kwa utaratibu wa kwao. Mbuzi vijana wote wana hereni mpya za kuanza na herufi. Basi kwenye foleni yetu walisimama mbele, na kwenye foleni ya vyeti, vyeti vyao vilisimama nyuma kabisa. Programu ikamwita Hedvig, ikaita cheti cha kwanza, ikakuta ni cha mbuzi mwenye tarakimu. Hedvig ni mdogo, hana mwenzake, nenda. Wakaenda vijana wote. Wakaja mbuzi wa hereni za zamani, za tarakimu tupu, wakalingana vizuri na vyeti vyao, wakapita wakichechemea. Mwisho kabisa vikaja vyeti vya vijana, wenyewe wameshafukuzwa, na vyenyewe vikaandikwa havina mnyama. Kama mtu na mchumba wake, kila mmoja kaenda kumsubiri mwenzake kwake.

"Kwa hiyo waliopita ni wazee peke yao," Maren akasema.

"Wazee peke yao."

Tulichomoa ukurasa. Sungura wa kijivu alibaki amekaa kwenye mbao, akitutazama kama tumemnyang'anya nyumba.

Kuwapata wahusika hakukuwa kazi. Mzee Orrin alikuwa kwenye kibanda cha jibini la kukaanga, mahali alipo siku zote za maonyesho. Karibu naye, kwenye hema jeupe lenye feni, alisimama Corbin Faltz, kijana aliyeuleta ule mfumo mpya wa madaktari, akigawa chupa za maji zenye jina la kampuni yake. Niliwakutanisha mbele ya ukurasa wa sungura.

Corbin aliushika kwa ncha za vidole. "Faili langu limepangwa," akasema. "Angalia. Limepangwa kikamilifu."

"Na langu limepangwa," Mzee Orrin akasema, huku jibini linavutika toka mdomoni. "Tangu kabla hujajua kufunga viatu, kijana. Programu hii haijawahi kukosea."

"Mfumo wangu unapanga kama dunia nzima inavyopanga."

"Dunia nzima haikuletewa mbuzi. Mbuzi ameletwa kwangu."

"Wazee wangu," nikasema, ingawa Corbin hajafika hata thelathini, "wote mko sawa. Tatizo ni kwamba mko sawa wawili. Tukilipanga faili la vyeti upya kwenye mashine yetu kabla ya kuoanisha, kwisha. Ni hatua moja mbele ya kazi."

"Silipangi," Mzee Orrin akasema. "Nikilipanga ni kama nasema lilikuja kwangu zima, mimi ndiye nikaharibu."

"Na mimi siruhusu lipangwe," Corbin akasema. "Ni faili la madaktari, haliguswi bila idhini yangu. Nikitoa idhini ni kama nasema lilitoka kwangu baya."

"Halikutoka baya."

"Ndivyo ninavyosema."

"Basi liache."

"Naliacha."

Wakapeana mikono. Nawaapia. Wanaume wawili walikubaliana kwa heshima zote kwamba hakuna aliyekosea, na mbuzi wa nusu ya kaunti wakalale kwenye mahindi.

Tuliporudi langoni, Bi Verlene alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja anakunywa limau la barafu. Nilimpa ukurasa. Aliusoma, akaugeuza, akanusa, akaurudisha. Kisha akatazama magari nje, akatazama saa, akamtazama Maren, aliyemjua tangu mtoto wa kuanguka kwenye ndoo za maziwa.

"Sogea hapa," akamwambia kwa sauti ya chini. "Wote hao siwezi. Kuongeza watu kwa kalamu kwenye ripoti, watanifukuza. Lakini mmoja. Kalamu ikiteleza mara moja nani atajua? Mwingize mbuzi wako kupitia mlango wa nyasi, ule wa nyuma tunaoingizia malisho."

Mimi nilishaishika kamba ya Hedvig. Sikuona cha kujadili. Maren akaishika kamba hiyohiyo upande wa pili.

"Ndani kuna mbuzi gani?" akauliza.

"Wa Bwana Kjelstad," Bi Verlene akasema. "Yule mwenye goti bovu. Wale pacha wa Lindqvist, wale wa... unawajua. Na mmoja mweusi ambaye sina hakika kama yuko macho."

"Kwa hiyo nikiingia nashinda."

"Mwanangu, ukiingia na huyo, hata ukilala usingizi unashinda. Utepe wa buluu, na mzunguko wa mwisho juu."

Nilimwona dada yangu anaifikiria. Siyo kidogo. Alimtazama Hedvig, akamtazama yule mbuzi mweusi kwenye kivuli, akatazama nje kwa magari. Kwenye gari la tatu alikuwa Dagny Rasmussen, ameweka miguu juu ya dashibodi, na nyuma yake mbuzi aliyechanwa manyoya mpaka anang'aa. Dagny na Maren wanashindana tangu shule ya msingi, na kwa kumbukumbu zangu Dagny hajashindwa.

"Dagny ana herufi?" Maren akaniuliza.

"Anayo. Wote wale wanayo."

"Nikishinda hivyo, atanikumbusha mpaka siku ya harusi yangu. Atasimama na glasi mkononi aseme, huyu bibi harusi alimshinda mbuzi aliyelala." Aliivuta kamba upande wake. "Nenda ukawapange hao wazee wako wawili, Torben. Waingie wote."

"Maren. Mlango wa nyasi uko wazi."

"Nimeuona."

"Ni mwaka wako wa mwisho."

"Kumbe. Ulikuwa unafikiri nimesahau?"

Sina la kujitetea. Ningekuwa mimi, saa hiyo Hedvig angekuwa ndani anakunywa maji. Lakini mbuzi hakuwa wangu.

Nilianza kwa Mzee Orrin, aliyekuwa anaagiza sahani nyingine. Nilisimama pembeni yake nikatikisa kichwa kwa huzuni.

"Una nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, mzee. Ni huyu Corbin. Anawaambia watu kwenye hema lake kwamba faili la vyeti ni kubwa mno, kompyuta yetu ikijaribu kulipanga itaanguka. Nikamwambia Mzee Orrin hawezi kukubali kusemwa hivyo. Akasema, ona mwenyewe, si amekataa kulipanga?"

Jibini liliachwa. Mimi sijawahi kumwona Mzee Orrin akiacha jibini.

Kisha nikaenda kwenye hema jeupe. "Corbin, naomba uwe na subira na mzee wetu," nikasema. "Ni umri. Mashine yake nayo ni umri. Haiwezi kusoma utaratibu wa kisasa mpaka isaidiwe kidogo. Anaona aibu kuomba idhini yako ya kulipanga faili, lakini wewe ni muungwana."

Corbin alinyoosha kola. "Ningejua ni kumsaidia tu," akasema, na akaandika idhini hapohapo kwenye simu, ndefu, yenye maneno ya huruma. Nilimsomea Mzee Orrin sehemu ya idhini peke yake.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko magomvi. Mzee Orrin aliketi kwenye kiti chake ofisini, akaongeza hatua moja mbele, panga vyeti kwa utaratibu wetu, akabonyeza. Kompyuta ikalipanga faili zima bila hata kukohoa. "Eti litaanguka," akanong'ona, akaigonga mashine kidogo kama mtu anavyomgonga ng'ombe wake. Foleni zikaanza sawa, herufi na herufi, tarakimu na tarakimu. Ripoti ilitoka ikiwa nyembamba mpaka ikatia huruma. Wa kukataliwa walibaki wachache, wazembe halisi, na nilifurahi kuwaona, maana kaunti isiyo na mzembe hata mmoja ningeishuku.

Nilimfikishia Bi Verlene kabla lango halijafungwa. Alipitisha kidole, kikasimama.

"K40718," akasema. "Yumo."

"Alikuwemo tangu asubuhi," Maren akasema.

"Sasa yumo kwenye ripoti, mwanangu." Akapuliza filimbi, kumbe ina kazi, na magari yakaanza kuingia. Hakumwomba mtu yeyote radhi kwa habari ya uzembe. Aliwaambia tu wafunge milango polepole, mbuzi wazee wamelala.

Asubuhi uwanja ulijaa. Mwamuzi, bwana mrefu asiyecheka kutoka kaunti ya mbali, aliwazungusha mbuzi mara nyingi, akawashika migongo, akawapima miguu kwa macho, akaanza kuwaita mmoja mmoja kwenye mstari wa mwisho. Aliita wa Dagny kwanza. Bila shaka. Akaita mwingine, na mwingine. Maren alikuwa ameishikilia kola ya Hedvig kwa mikono miwili, na mimi kwenye mabenchi ya watazamaji nilikuwa nahesabu gharama za kuukataa mlango wa nyasi. Kisha yule bwana akarudi nyuma hatua mbili, akaelekeza kidole.

Hedvig alitembea hadi kwenye mstari wa mwisho kama aliyechelewa kwa kupenda.

Walipewa nafasi ya nne. Utepe wa nafasi ya nne ni wa waridi, rangi ambayo Maren haiwezi kuivaa na anajua. Wakati wanatoka uwanjani, Dagny alimsogelea na utepe wake wa buluu begani.

"Nimesikia jana ulikuwa uingie peke yako na wale wazee," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Bi Verlene hajui kunong'ona. Ulikuwa unachukua huu." Alishika utepe wake.

"Nilikuwa nauchukua."

"Na mimi niko kwenye mahindi."

"Na wewe uko kwenye mahindi, miguu kwenye dashibodi."

Dagny alifikiri. "Mimi ningeingia," akasema.

"Najua," Maren akasema. "Nishikie mbuzi, nikatafute maji."

Na Dagny Rasmussen, bingwa wa kaunti, akasimama juani na kamba mbili mkononi, Hedvig akimtafuna pindo la shati, akasubiri.